Kwenda Mirihi na Ng'ombe

Kabula mwanangu,

Barua za enzi zetu zilianza na "mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali." Sasa wewe hauko mbali. Uko chumba cha pili na mama yako, mnabishana kuhusu sweta, na nawasikia mpaka neno la mwisho. Kwa hiyo hofu sina. Nina karatasi za daftari lako la zamani la hesabu, na kalamu inayovuja kama mbuzi mwenye mafua. Vumilia mwandiko. Niliacha shule darasa la nne, na hata hilo la nne nililifikia kwa sababu mwalimu alikuwa akipenda maziwa ya nyumbani kwetu.

Kesho unapanda treni. Habari za sweta, chanjo, pasipoti na kutomwachia mtu begi, mama yako ameshazisema mara tatu na ataanza ya nne nikimaliza sentensi hii. Mimi sizigusi. Nina jambo moja tu.

Juzi ulinikuta zizini nakamua. Ukasimama ng'ambo ya fito, ukaniuliza: "Baba, nikiondoka, utanibariki au hutanibariki?"

Nikakujibu kwamba ng'ombe huyu akisikia maneno ya kanisani anabana maziwa. Ukangoja. Nikaendelea kuvuta chuchu iliyokwisha kauka, ng'ombe mwenyewe akageuka kunitazama. Ndipo ukasema basi, utaondoka hivyo hivyo, ukaenda zako.

Jibu lako ni hili. Ila limetokea Kasansa, likazunguka hifadhi ya wanyama kwa mbali, likafika Sibwesa, ndipo likaja hapa mjini, Ilembo. Mfugaji hajui njia fupi.

Ulikuwa na miaka minane mwaka ule wa ukame. Unayokumbuka ni ya mtoto, na mengine umeyapata kwa hawa jamaa wanaoniita Mzee Mirihi, ambao wameitia hadithi chumvi mpaka imekuwa ya kukaushia samaki. Sasa isikie kwa mwenye ng'ombe.

Tulikuwa bondeni, Kasansa. Mto umebaki mchanga, tunachimba mashimo ya kunyweshea, kila wiki marefu zaidi. Jioni moja nikafungua redio yangu, betri ziko taabani, sauti inakuja na kupotea. Nikasikia: "wamegundua maji... Mirihi... chini ya ardhi..." Halafu kimya. Mwanangu, mtu mwenye ng'ombe wenye kiu akisikia neno "maji" haulizi habari ilianzaje. Sikulala.

Asubuhi nikaenda mnadani kutafuta betri. Aliyekuwa akiuza ni kijana aliyesoma, miwani na kila kitu. Nikamuuliza, bwana, hii Mirihi ni wapi? Akasema ni juu. Sasa wewe ni mtoto wa bonde, unajua. Sisi wa bonde tukisema "juu" tunamaanisha kitu kimoja: ukishapanda milima, kule kwenye ubaridi. Nikamuuliza, juu sana? Akasema sana, mzee. Nikauliza kama watu wameshafika. Akasema watu bado, ila mashine ndiyo imefika.

Moyo ukaruka. Watu bado! Maana yake majani hayajaliwa. Mashine imefika! Maana yake kisima kinachimbwa. Yule kijana hakunidanganya hata neno moja, na mimi sikusikia hata neno moja. Ndiyo maana mpaka leo sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa wale wengine wawili niliowauliza baada yake, watu wazima, wafugaji kama mimi. Mmoja akasema Mirihi anaijua, iko mbele ya Sibwesa, shemeji yake alipita. Wa pili akasema maji yake ni matamu lakini mbung'o wapo kiasi. Walikuwa hawajui, na wakaona haya kusema. Na mimi je? Mama yako aliponiuliza usiku ule kama nina hakika, nikamweleza majani ya Mirihi yalivyo marefu. Nikamwonyesha kwa mkono, mpaka hapa kiunoni.

Kuna desturi ambayo baba yangu aliniachia, na yeye alipewa na baba yake kule Usukumani. Kabla ya kuhamisha kundi, mtu mmoja anatangulia. Anakwenda na fimbo na kibuyu, anaonja maji, anatazama majani, anauliza wenyeji kama wanapenda wageni, anarudi kusema. Kundi haliondoki kabla hajarudi, hata ng'ombe waanguke. Mimi nikaona nikituma mtu nitachelewa, wengine wataiwahi Mirihi. Nikakutoa wewe darasa la pili, nikampakia mama yako kwenye mkokoteni na masufuria yake, tukaondoka wote pamoja na ng'ombe.

Njiani ulikuwa ukiniuliza kila siku Mirihi iko wapi, na kila siku nakujibu mbele kidogo tu. Tuliacha ng'ombe kumi na mmoja katika hiyo "mbele kidogo." Wa mwisho alikuwa yule mwekundu wa mama yako, alilala chini na hakuamka. Mama yako alimfunika uso kwa matawi, akapanda mkokoteni. Ningependelea anitukane.

Sibwesa tulifika mchana. Ng'ombe wakasikia harufu ya maji kabla yetu, wakatimua mbio mpaka bondeni, moja kwa moja ndani ya bustani ya mtu. Maharage, vitunguu, vyote chini ya kwato. Mwenyewe akatoka na jembe mkononi. Ndiye Mama Niyonkuru, yule mjane ambaye watu wake walikuja zamani kutoka Burundi, na ambaye wewe sasa unamwita shangazi. Siku ile hakuwa shangazi wa mtu. Alituchambua kwa Kirundi kwanza, halafu akatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili tusikose chochote.

Alipochoka akatuona. Akakuona wewe, midomo imepasuka. Akaweka jembe chini, akatupeleka kwenye kisima chake cha mchangani, akateka yeye mwenyewe. Mtoto kwanza, halafu mama, halafu ng'ombe, na mimi wa mwisho baada ya ng'ombe. Ndipo akauliza tunakwenda wapi. Nikakohoa, nikasema Mirihi.

Akafikiri. Akasema, "Mimi sijui Mirihi ni wapi. Tumuulize mwalimu."

Tangu Kasansa, huyo alikuwa mtu wa kwanza kusema hajui. Watu wote wale, njia yote ile, mmoja tu. Mwalimu wa jirani akaja jioni akiwa na kanga begani, katoka kuoga. Akanisikiliza bila kucheka, mwenzangu ana adabu. Akangoja giza liingie vizuri, akaninyooshea kidole juu. "Ile pale mzee, ile nyekundu."

Kwanza nilitazama kidole. Halafu nikatazama kilikoelekea. Watu walikuwa wamejaa, si unajua kijijini, mgeni akiwa na shida hukosi watazamaji. Wote shingo juu. Ndipo ukasema wewe, kwa sauti ya kuuliza kabisa: "Sasa baba, ng'ombe watapandaje?"

Walicheka, Kabula. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Niyonkuru alishika mti. Na mimi nikakuzaba kibao.

Wewe hukuwa unacheka. Hilo nililiona palepale, mkono ukiwa bado hewani. Ulikuwa umeinua uso, unapiga hesabu kweli, ng'ombe watapanda kwa njia gani. Katika watu wote waliokuwa pale, ni wewe peke yako uliyechukulia safari yangu kuwa safari. Na ni wewe niliyekupiga.

Nilidhani hilo ndilo kosa lenyewe. Kumbe lilikuwa mlango tu. Tulipohamia hapa Ilembo jina likanifuata, Mzee Mirihi huku, Mzee Mirihi kule, mpaka fundi baiskeli. Nikapiga marufuku neno hilo ndani ya nyumba. Halafu ulipofika darasa la sita ukaja na kitabu cha sayansi cha shule. Ukakifungua mezani chini ya taa, picha ya jua na sayari zimepangwa kama ng'ombe wanaokwenda kunywa. Ukaweka kidole kwenye ile ya nne, ukanitazama tu. Ulijua sheria ya nyumba.

Unakumbuka ukurasa ule ulipotea. Unakumbuka ulichapwa shuleni kwa sababu ya kuharibu kitabu, na ukamwambia mwalimu ni panya. Miaka yote hii umeamini ni panya, hata ulinitengenezea mtego kwa bati na ukaniomba niuweke.

Panya ni mimi. Niliuchana ukurasa ule, nikausokotea tumbaku, nikakaa nyuma ya zizi nikazivuta sayari zote, kuanzia Zebaki mpaka ile ya mwisho kabisa. Zilikuwa chungu, wino mwingi. Na mtego wako niliuweka, nikautazama wiki nzima ukiwa mtupu, nikakuambia panya wa siku hizi ni wajanja.

Hapo unaweza kuweka barua chini utembee kidogo. Mimi ningetembea.

Sasa barua yako ya ufadhili wa kusoma ng'ambo ilipofika, mtaa mzima ukanijia hapa. Binti wa Mzee Mirihi anakwenda kusomea Mirihi. Walicheka kwa furaha, lakini sikio langu lilisikia kile kicheko cha Sibwesa. Nikajiambia, mtoto huyu amengoja miaka kumi na miwili kunirudishia kibao. Nikakununia. Mbele ya wageni nikasema unakwenda kuchunga mawe. Mama yako alinikanyaga mguu chini ya meza, na alikuwa amevaa viatu.

Kilichonigeuza ni jivu. Wiki iliyopita ulikuwa jikoni unamweleza mama yako, na mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka. Sikuwa nimelala. Ulichora kwa kijiti kwenye jivu, ukamwambia kule Mirihi yanaonekana mabonde ya mito iliyokauka zamani mno, yenye makutano na vijito vyake. Ukasema maji mengine yalipotea angani, lakini mengine hayakwenda popote, yamejificha chini ya vumbi, yameganda. Nikafungua jicho moja. Mwanangu, ile picha kwenye jivu naijua. Ni mto wetu wa Kasansa mwezi wa kumi. Mtu wa mjini akiupita atasema mto umekufa. Sisi tunasema umelala chini, chimba.

Nikasikia mengine pia, maana nikishaanza kusikiliza kwa wizi huwa siachi. Kwamba hata huu mwezi wetu una barafu kwenye mashimo ambayo jua halijawahi kuchungulia. Kwamba kuna miezi ya sayari nyingine ambayo wanaamini ina bahari nzima chini ya ganda. Kwamba maji hayo yakipasuliwa yanatoa hewa ya kuvuta, na mafuta ya chombo cha kurudia nyumbani. Hapo ndipo niligeuka ukutani. Mafuta ya kurudia! Mimi nilitoka Kasansa na watu wangu wote na sikufikiri hata kidogo tutarudi na nini.

Na lile la mashine. Mama yako alikuuliza kwa nini wasitume watu moja kwa moja, ukamwambia kwanza zinakwenda mashine zenye magurudumu, zinaonja udongo, zinapima, zinatuma habari, halafu miaka mingi baadaye ndiyo watu. Nilitamani kukaa nipige makofi. Kumbe wasomi wenu wana akili ya babu yangu! Wanatanguliza mtu wa fimbo na kibuyu. Ukasema pia kwamba mashine hizo zinasafishwa sana kabla ya kwenda, zisije zikapeleka vijidudu vya kwetu, kwa sababu huenda kuna kiumbe mdogo kule. Nikaona bustani ya Mama Niyonkuru, kwato zangu kwenye maharage. Mtu anayeosha magurudumu kabla hajajua kama shamba lina mwenyewe, huyo mwambie Mzee amemsalimu.

Halafu hilo neno lenu. Huenda. Nilihesabu, nilipofika "huenda" ya tisa nikasinzia kweli. Zamani ningesema hawa hawajui kitu. Sasa naona ng'ombe wangu kumi na mmoja walikufa kwa kukosa "huenda" moja. Kama mmoja wetu pale mnadani angeitoa kinywani, tungekuwa nao.

Siwezi kukufundisha mawe, wala barafu, wala hizo nchi za baridi ambako unasema maji yanakuwa mwamba barabarani. Najua kitu kimoja tu, nacho nimekilipia. Huko watakuja watu wenye kiu. Kiu ya maji, kiu ya sifa, zote zinafanana usoni. Watakuuliza, Kabula, yapo au hayapo? Watataka sana useme yapo. Wewe mwenyewe utataka. Siku hiyo utakumbuka baba yako akionyesha urefu wa majani kwa mkono, mpaka hapa kiunoni. Sina la kuongeza, mkono ule bado unaniuma.

Na ukiyaona kweli, sema. Usiwe mnyonge kwa sababu umetoka Ilembo. Uliza lako lolote mbele yao, hata lile ambalo litawakalisha watu chini kwa kucheka. Nimefikiri sana kuhusu swali lako la Sibwesa. Ng'ombe watapandaje? Nimekuja kuona kwamba wale wakubwa wenu wote, na mashine zao na miwani yao, hicho ndicho wanachouliza kila siku asubuhi. Watu watapandaje, watakunywa nini, watarudi na nini. Wewe uliuliza ukiwa na miaka minane na midomo imepasuka, na ujira wako ukawa kibao.

Huenda, ona nami nimeanza, huenda hutakanyaga kule wewe mwenyewe. Huenda ni mjukuu wako. Mimi nitakuwa udongo, hilo halina huenda. Lakini siku watu wanahama, na watahama, sisi watu tunahama tu, baba yangu alihama, mimi nimehama, nafurahi kwamba safari hii kuna aliyetangulia kuonja. Na kwamba ametoka kwenye mkokoteni wangu.

Kuhusu kunichokoza, nimekuelewa sasa. Hukuchagua nyota ile ili unianike. Uliipenda kabla sijakupiga, ukaendelea kuipenda baada ya hapo, kwa siri, ndani ya nyumba yangu, kama mtoto anayeficha paka. Nisamehe kibao. Nisamehe ukurasa. Mtego usinisamehe bado, ule ulikuwa ufedhuli wa makusudi, uache kwanza unitafune.

Sasa lile la zizini. Ulisema utaondoka hivyo hivyo. Hutaondoka hivyo hivyo.

Wewe umekulia mjini na kwaya, huenda hujaona namna wazee wa kwetu wanavyofanya. Baba akimruhusu mtoto kwa moyo wote, hasemi hotuba. Anachukua maji mdomoni, maji baridi, anampulizia mwanawe usoni na kifuani, na maneno yake anayasema baadaye, machache. Mimi nilipuliziwa hivyo siku ninaondoka Usukumani. Baba yangu hakuwa ananipenda sana mwaka ule, lakini maji aliyapuliza yote.

Kesho asubuhi, kabla hujafunga begi, njoo zizini. Nimeshamwomba mama yako kibuyu cha maji ya mtungi, yale anayoyaficha kwa ajili ya wageni. Usivae ile blauzi mpya ya safari. Meno ya mbele unajua sina, maji yatatoka bila mpangilio, na nimekusudia kupuliza mpaka kibuyu kiishe.

Baba yako